Kitufe Mikononi mwa Mama Mkwe

Nilianza kuanguka nikiwa kidato cha pili, hapo Tukuyu mjini, asubuhi moja tukiwa mstarini tunaimba wimbo wa taifa. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka nikiimba, halafu nakumbuka nimelala kwenye benchi katika ofisi ya walimu, mdomoni nina ladha ya damu, na mwalimu mmoja wa kike amenifunika kanga yake kuanzia kiunoni. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na nilichowaza kwanza ni kwamba mvua hii imeanza saa ngapi mimi nisiione.

Mama yangu mzazi alikuwa anauza mboga sokoni na tulikaa Bulyaga, nyumba ya kupanga. Hakuwa mtu wa kuogopa hospitali. Alinipeleka, tukaambiwa ni kifafa, nikapewa vidonge. Alinipeleka pia kwenye maombi, na kwa bibi mmoja aliyenifukiza majani hadi macho yakavimba, kwa sababu alisema hawezi kukaa na kujiuliza baadaye kama kulikuwa na mahali hakubisha hodi. Vidonge vilisaidia kiasi. Niliacha kuanguka mara kwa mara, nikawa naanguka mara mojamoja. Tukaona hiyo ndiyo hali yangu, kama wengine walivyo na miguu mibovu au pumu. Nilimaliza shule, nikajifunza kushona, nikapata kona ya kuweka cherehani kwenye kibaraza cha duka moja pale Bulyaga.

Mume wangu alikuja kibarazani kurekebishiwa suruali. Alirudi na suruali nyingine ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nilimwambia kuhusu ugonjwa wangu kabla hajasema neno la mapenzi, maana nilishaona wawili wakiondoka, na niliona afadhali wa tatu aondoke mapema. Akauliza, nikianguka yeye afanye nini. Watu wengi walikuwa wameniuliza nimepata wapi ugonjwa huo, au kama kwetu upo. Swali lake lilikuwa geni kwangu. Nilimweleza: nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, ngoja. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda mahali anapokusudia kufika.

Tulipooana nilihamia kwao Masoko, kwenye shamba la ndizi na kahawa, kwa mama yake. Baba mkwe alikwisha fariki. Mama mkwe aliambiwa habari zangu na mwanawe, naye hakukataa, ila hakusema pia kwamba amekubali. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake. Herufi ya 'r' ilimpa shida, kwa hiyo barabara kwake ilikuwa balabala. Aliamka kabla ya wote, akawasha moto, akachemsha chai ya maziwa. Chai ile aliinywa kwenye vikombe vya udongo vyenye maua ya buluu, zawadi aliyopewa na kikundi cha akina mama wa kanisani alipofiwa. Kila mtu wa nyumba ile alipewa chai yake kwenye vikombe hivyo, hata mimi, tangu siku ya kwanza. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema karibu.

Nilivunja cha kwanza wiki ileile.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa. Tangu usichana, asubuhi nikiamka, mikono yangu ilikuwa inaruka. Haikuwa kutetemeka. Ilikuwa kama mtu amekupiga kiwiko kwa nyuma bila wewe kutegemea, mara moja, basi. Mswaki ukaruka, sega likaruka, chai ikamwagika kifuani. Nikishakaa kidogo na jua likipanda, hali inaisha, na mchana nashona mshono ulionyooka kama mtu yeyote. Nyumbani kwetu waliniita mzembe wa asubuhi, na mimi nikalipokea jina hilo. Kila nilipokwenda kliniki niliulizwa swali moja, kama nimeanguka tangu mara ya mwisho, nami nikajibu kuhusu kuanguka. Kuhusu mikono sikusema kwa sababu sikujua kwamba ni habari ya hospitali.

Mama mkwe aliona vikombe vyake vikipasuka kimoja baada ya kingine, na aliona kwamba mchana mikono yangu haina shida. Akahitimisha kama ambavyo mtu yeyote angehitimisha. Siku moja aliniletea chai kwenye kikombe cha bati. Wengine wote waliendelea na vya maua, mimi na bati langu. Mume wangu alitaka kuzungumza naye, nikamzuia. Sikuona ningemtetea nini.

Tuliishi hivyo, kwa adabu na kwa ubaridi, hadi msimu mmoja wa kahawa. Ulikuwa msimu mzuri, na mzuri maana yake ni kuchuma kutwa na kumenya hadi macho yanafumba yenyewe, halafu kuamka tena mapema. Vidonge sikuacha, ila usingizi haukutosha. Asubuhi moja nikiwa jikoni nachochea moto, mikono iliruka, ikaruka tena, na baada ya hapo sina kumbukumbu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mume wangu, aliyekimbia kutoka zizini. Nilianguka ubavuni mwa mafiga, mkono mmoja ukaingia kwenye makaa. Jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto alirudi nyuma, akamkataza mama mkwe asinishike kabla povu halijakauka, kwa sababu wapo wanaoamini ugonjwa huu huambukizwa na mate. Mama mkwe alimsikia. Kisha akaniingizia mikono kwapani, akaniburuta mbali na moto, akakaa chini kwenye majivu na kichwa changu akakiweka mapajani. Mate alinifuta kwa kanga aliyokuwa ameivaa. Mume wangu alipofika, mama yake alimwambia kwa Kinyakyusa kwamba kesho tunakwenda hospitali, wote.

Hospitalini kidonda cha mkono kilisafishwa na kufungwa, halafu tukaelekezwa kwenye chumba cha pembeni. Huduma mpya ilikuwa imeanza, kipimo cha mawimbi ya ubongo. Zamani kipimo hicho ilibidi mtu akifuate mbali, na wengi wetu tulikuwa tunakisikia tu. Mtaalamu wake alikuwa dada mmoja wa umri wangu, mwenye hijabu ya kijivu na lafudhi ya Tanga. Alinipaka gundi kichwani katikati ya rasta, akabandika vidude vidogo vya chuma vyenye waya, akaniambia nifumbe macho, nifumbue, nipumue kwa nguvu. Kwenye kompyuta yake mistari ilitembea kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Alipomaliza alisema rekodi ni safi.

Nilivunjika moyo. Nilikuwa nimetamani waone kitu, ili nisiwe mzembe tu.

Dada mtaalamu akaeleza kwamba rekodi ya muda mfupi ya mchana inaweza kukosa jambo linalotokea wakati mwingine. Akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa wima kwenye kiti karibu na mlango, akamsalimu kwa heshima na kumuuliza asubuhi mimi huwa naamkaje.

"Anaamka salama," mama mkwe alisema. "Ila anatupa vikombe vyangu."

Yule dada alikuwa ameshaanza kukunja waya. Akaacha.

"Anavitupaje, mama? Nionyeshe."

Mama mkwe akanyanyua mkono kana kwamba ameshika kikombe, kisha akaurusha ghafla, kiwiko kikaenda nje. Ilikuwa ni mimi kabisa. Nilijiona katika mkono wake, na nikajua kwamba asubuhi zile zote alizokuwa amenyamaza alikuwa ananitazama.

Dada mtaalamu alitoa kwenye kabati kisanduku kidogo, ukubwa wa redio ya mfukoni. Alisema ni kinasa cha kuvaa. Nitarudi nyumbani nacho, nifanye kazi nyepesi, nile, nilale, niamke nacho. Pembeni kina kitufe chenye waya mrefu: mtu akiona jambo lolote la tofauti, akibonyeze, na alama itaingia kwenye rekodi palepale. Mimi nisingeweza kubonyeza huku mikono inaruka, na mume wangu asubuhi yuko zizini. Akampa mama mkwe kitufe akijaribu.

Mama mkwe alikigeuzageuza. Alimuuliza mwanawe kitu kwa Kinyakyusa, mwanawe akacheka, akakataa kutafsiri, mwisho akatafsiri. Alitaka kujua kama mashine hiyo itasikia mimi ninavyomuwaza yeye. Dada mtaalamu hakucheka. Alimwambia kwamba mashine inapima umeme mdogo tu wa ubongo, kama daktari anavyosikiliza moyo bila kujua moyo unampenda nani. Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi pia, nakiri, niliridhika.

Tulitakiwa kurudi siku iliyofuata kufungwa waya, na nywele ziwe zimefumuliwa, kwa sababu safari hii vile vidude lazima vishikilie ngozi usiku kucha na mimi nilikuwa nimesuka rasta. Nilitegemea kuzifumua mwenyewe, lakini mkono mmoja ulikuwa na bandeji. Mchana ule mama mkwe alikaa kwenye kigoda uani, akaniambia nikae chini mbele yake. Alifumua rasta moja baada ya nyingine kwa ncha ya sindano yangu ya kushonea. Hakuna aliyekuwa amenishika kichwa kwa muda mrefu vile tangu nihame kwa mama yangu. Alipofika kisogoni aliniambia alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekuwa akianguka. Walimtengea sahani, wakamtengea na kitanda. Alikufa maji, akiwa peke yake mtoni, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda naye kuchota. Alinisimulia kwa sauti ya kawaida, mikono ikiendelea na kazi. Nikasema pole, mama. Akasema nikae vizuri, nisitikise kichwa.

Siku ya kuvaa kile kinasa nilifungwa kilemba cha kitenge juu ya waya zote, na kisanduku kikaning'inia kiunoni. Majirani walikuja kuangalia. Kuna waliosema nimewekewa simu kichwani. Mama mkwe alimwambia kila mmoja, bila kuulizwa, kwamba yeye ndiye mwenye kitufe. Nilimenya ndizi kwa shida na bandeji yangu, nikazipika mbalaga, nilikula, nililala na kichwa changu kizito. Asubuhi nilipoamka alikuwa tayari amekaa mbele yangu, kitufe mkononi, chai imepoa kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuishughulikia. Mkono wangu uliporuka, alibonyeza. Ukaruka tena, akabonyeza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zamu ya ulinzi.

Baada ya siku kadhaa tuliitwa. Dada mtaalamu alikuwa ameigeuza kompyuta ili wote watatu tuone. Alieleza kwamba rekodi ya mchana na usiku ni ndefu mno, mtu akiisoma mstari kwa mstari atachoka na atapitwa. Kwa hiyo kwanza inapitishwa kwenye programu iliyofundishwa kwa rekodi nyingi za wagonjwa, na programu inaweka alama ya rangi kila inapoona umbo linalofanana na la kifafa. Halafu rekodi hiyohiyo inatumwa kwa mtandao kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyeko Dar es Salaam, naye anazipitia alama, anakubali au anakataa.

"Programu inanyoosha kidole tu," alisema. "Anayeamua ni daktari."

Akatuonyesha mahali ambapo programu ilinyoosha kidole bure. Mistari ilikuwa imevimba na kuchafuka, na alama nyekundu zimejaa. Daktari alikuwa amezifuta zote na kuandika pembeni: anatafuna. Ilikuwa saa ya mbalaga. Mume wangu alicheka sana, na mimi nikacheka, na hofu niliyokuwa nayo kifuani ikapungua.

Kisha akasogeza rekodi hadi asubuhi. Mistari ilikuwa inatembea polepole, imetulia, na ghafla, yote kwa pamoja, kutoka mbele ya kichwa hadi nyuma, ikapanda kwa ncha kali na kushuka kwa wimbi pana. Muda mfupi tu, basi, ikatulia tena. Juu yake kulikuwa na alama nyekundu ya programu. Na palepale, nyuma yake kwa upana wa ukucha, kulikuwa na mstari mdogo wa kijani.

"Huu wa kijani ni nini?" mume wangu akauliza.

"Huyo ni mama," dada mtaalamu alisema.

Akasogeza mbele. Nyekundu, kijani. Akasogeza tena. Nyekundu, kijani. Kila mkono wangu uliporuka, ubongo wangu ulikuwa umetangulia kuwaka, na mama mkwe alikuwa amefuata kwa kidole chake. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Kwa hiyo haukuwa ujeuli," alisema, na ile 'r' yake ikapotea kama kawaida.

"Haukuwa, mama," nikasema.

"Mimi nilidhani unatupa chai yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi sikujua, kwamba nilijidharau miaka yote ile kwa kosa ambalo halikuwepo. Akanitangulia. Aliushika mkono wangu wenye bandeji, akaushikilia juu ya goti lake hadi maelezo yalipokwisha.

Daktari bingwa tulizungumza naye kwa simu ya video siku hiyohiyo. Alisema kifafa changu ni cha aina inayoanza ujanani na kupenda asubuhi, na kukosa usingizi kunakiamsha. Alisema pia jambo lililonishtua: vidonge nilivyokuwa nikimeza ni vizuri kwa aina nyingine ya kifafa, lakini kwa aina yangu vinaweza kuzidisha ile mishtuko ya mikono. Hakumlaumu mtu. Bila kuona mawimbi, na bila mgonjwa kusema habari za mikono, hakuna ambaye angejua. Akaniuliza kama tunatamani mtoto. Nilimtazama mume wangu, nikajibu ndiyo, kwa sauti ambayo sikuitegemea. Akasema basi atachagua dawa kwa kulifikiria hilo, kwa sababu ipo inayofaa sana ugonjwa wangu lakini si salama kwa mtoto aliye tumboni, na ipo nyingine tunayoweza kuanza nayo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamini kwamba mtoto si swali la watu kama mimi. Yeye alilizungumzia kama mtu anayepanga safari.

Tulibadilisha dawa polepole, ya zamani ikipungua huku mpya ikipanda. Wiki za mwanzo nilikuwa na usingizi na hasira za bure, mume wangu akanivumilia. Halafu ikaja asubuhi ambayo nilipiga mswaki na nikawa nimemaliza kabla ya kutambua kwamba mkono haukuruka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikingoja. Haukuruka.

Sitaki kusema ugonjwa uliondoka. Mwaka uliofuata tulikesha msibani, nami nikajiona nimepona, na asubuhi yake nikaanguka mbele ya watu wote. Tofauti ni kwamba safari hii wanawake wawili wa pale walijua la kufanya, kwa sababu mama mkwe alikuwa amewafundisha. Walinilaza ubavu. Hakuna aliyekimbia. Daktari alipandisha dozi kidogo, akanikumbusha kwamba kulala ni sehemu ya dawa.

Kabla ya hapo dada mtaalamu alikuwa ametuita tena, safari hii kuomba ruhusa. Alisema programu ile ilijifunzia zaidi kwa watu wa mbali, na inafanya makosa mengi zaidi kwetu kuliko kwao. Wanataka kukusanya rekodi za watu wa huku, bila majina, ili iweze kujifunza vizuri zaidi, na rekodi yangu ilikuwa na kitu adimu: alama za mtu aliyekuwa akitazama kwa macho yake wakati uleule. Nilikubali. Mama mkwe aliuliza kama na yeye anatakiwa kuombwa ruhusa, maana ile ya kijani ni yake. Dada mtaalamu akamwomba. Akakubali, akasema waitunze vizuri.

Mtoto wetu alizaliwa wakati wa mvua kubwa, wa kike, mzima, na sauti ya kumsumbua kila mtu wodini. Nilikuwa nimeogopa miezi yote ile, nikimeza dawa kila siku na kila siku nikijiuliza kama namdhuru. Wauguzi walimpima, wakamgeuza, wakanirudishia. Tulipofika nyumbani mama mkwe alihamishia kitanda chake chumba cha jirani na chetu na kutangaza utaratibu wake. Mimi nimnyonyeshe mtoto, nimkabidhi, nilale. Akihitaji tena, atamleta. Mume wangu alijaribu kusema kwamba mama amezeeka, apumzike. Akajibiwa kwamba daktari alisema nilale, na yeye alikuwepo daktari akisema.

Kwa hiyo nalala. Kuna alfajiri naamka mwenyewe, maziwa yamejaa, na kupitia ukuta wa mbao namsikia akizungumza na mjukuu wake kwa Kinyakyusa, taratibu, akimtajia vitu vya nyumba ile kimoja kimoja: moto, maji, ng'ombe, mvua. Mtoto anamjibu kwa sauti zake. Nikijua wote wawili wapo macho na wazima, nageukia upande wa pili, nasinzia tena kidogo hadi waje kuniamsha.